Maji ya Sabato

"Shamba langu ni safi mpaka konokono akitaka kuingia anavua viatu," alisema Eliapenda Mrutu, na watu wote waliosimama kwenye ukingo wa mfereji wakacheka, isipokuwa Mkaguzi, ambaye kazi yake haikuwa na kifungu cha kucheka.

Eliapenda akishapata kicheko kimoja huwa kama mbuzi aliyeonja chumvi. Akaendelea. "Andika hapo, Bwana Mwinyikai. Miaka sita. Sumu haijui hata njia ya kuja kwangu. Ikipotea ikafika Vuriga na kuulizia, itaelekezwa kwa Wachaga."

"Mdomo wako ungekuwa mbolea, Eliapenda," alisema Mama Naetwe kutoka nyuma, "tungevuna mara nne kwa mwaka, na nyingine tungewagawia hao hao Wachaga."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Mama Naetwe alikuwa na miaka sabini na moja, na shamba lake lilipakana na la Eliapenda upande wa chini. Ndiye aliyemfundisha Eliapenda kila alichokijua: kulaza mboji mpaka itoe joto la mgonjwa, kutwanga majani ya mwarobaini na pilipili kichaa, kuchanganya vitunguu na karoti ili nzi wa karoti apotee njia. Alikuwa na haki ya kumtania mbele za watu kama mama, naye Eliapenda alikuwa na haki ya kujibu kama mwana, ila mara nyingi alishindwa.

Mkaguzi alipiga magoti kichwani mwa shamba la Eliapenda. Bwana Mwinyikai alikuwa mtu wa pwani, na kila alipopandishwa mlimani alivaa makoti mawili na kutembea kama godoro. Akafunua mfuniko wa chungu kilichozikwa nusu udongoni. Humo ndani aliishi Shahidi.

Shahidi hakuwa mtu, wala hakuwa mashine. Alikuwa ukungu, uzi mweupe uliotengenezwa maabara, ukapandwa kama mbegu, ukatambaa chini ya matuta yote mpaka ukalijua shamba kuliko mwenye shamba. Kilichochomoza chunguni kilikuwa kichwa chake tu, donge jeupe kama ugali uliosahauliwa mezani. Kila tone lililoingia ardhini alilionja. Akionja samadi, anabaki mweupe. Akionja mwarobaini, mweupe. Akionja sumu ya kiwandani, hata kiasi cha kulowesha kidole, anageuka bluu ya wino wa shule, na habari ya ile bluu inawafikia wanunuzi kabla mwenye shamba hajamaliza kupiga chafya.

Hahongeki, hatishiki, wala hana shangazi wa kumwendea usiku. Wapare ni watu ambao, kwa mujibu wa watani wao, watauza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Kuletewa shahidi asiyehojiwa kuliwakera sana kwa miaka miwili ya mwanzo. Baadaye wakazoea, kwa sababu kule tambarare mashamba yalikuwa yamekwisha kufa kwa chumvi na dawa, na watu wa mijini waliobaki na uwezo wa kula mboga iliyotoka ardhini hawakununua jani lisilo na Muhuri, cheti cha shamba lisilopigwa sumu. Na Muhuri hautoki mpaka Shahidi awe mweupe.

"Mweupe," Mkaguzi akasema, akaandika.

"Nilikwambia," Eliapenda akasema. "Angekuwa binti ningemposa."

Nakijwa, mkewe, aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni, akasema, "Mpose. Labda yeye atazijaza tenga."

Hapo watu hawakucheka sana. Sheria ya Muhuri kuhusu tenga kila mtu aliijua. Nyumba isiyofikisha tenga arobaini kwa misimu miwili mfululizo hupoteza zamu yake ya maji, na zamu hiyo hupewa nyumba nyingine. Msimu uliopita mvua ya mawe ilikuwa imeyapiga matuta ya Eliapenda peke yake, kama mvua iliyotumwa. Alifikisha tenga kumi na moja. Sasa alikuwa kwenye msimu wa pili. Shamba lisilo na maji huko Upareni si shamba tena, ni mahali pazuri pa kukaa ukaitazame Same ikiungua kwa mbali.

*

Kantangaze walizivamia nyanya za Eliapenda wiki ya tatu baada ya ukaguzi.

Mkulima wa nyanya hahitaji kuelezwa. Asiyelima ajue tu kwamba ni kinondo, kipepeo mdogo wa usiku, wa rangi ya majivu, hana hata sura ya kutisha. Anataga mayai chini ya jani, na kiwavi akitoka anaingia ndani ya jani lenyewe, katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, anakula njia yake humo kama mtu anayechimba handaki. Jani linabaki na michoro myeupe. Halafu anahamia kwenye nyanya.

Nakijwa ndiye aliyeuona mchoro wa kwanza. Aliuleta nyumbani kwenye kiganja, akauweka mezani mbele ya sahani ya mumewe.

"Barua imefika," Eliapenda akasema.

"Isome basi."

Wakafanya yote waliyofundishwa. Walitwanga mwarobaini mpaka mikono ikawa michungu na mtoto akakataa kushikwa. Walitega mabeseni ya maji ya sabuni na taa juu yake. Vinondo wakafa kwa mamia, na wengine kwa maelfu wakaja kuwazika. Waliokota majani yaliyochorwa moja moja, tuta kwa tuta, wakayachoma. Mama Naetwe akapanda na kikapu chake akaokota nao siku nzima, mgongo umekunjika kama ndoano.

"Mama, kapumzike," Eliapenda alimwambia. "Ukifia hapa, Shahidi atakuonja."

"Atabaki mweupe," alisema. "Mimi sijawahi kupuliziwa."

Kufikia mwisho wa wiki ya pili nyanya zilikuwa na matundu madogo meusi karibu na kikonyo. Eliapenda akahesabu kichwani. Akipata bahati, tenga tisa.

Akashuka Same. Huko, kwenye banda la ndala, chini ya ndala, palikuwa na mtu aliyeuza kichupa chenye kifuniko cheusi kisicho na karatasi. Wenyewe waliiita Kimyakimya.

"Vifuniko vitatu kwa bomba moja la mgongoni," muuzaji alimwambia, akitazama pembeni kana kwamba anaongea na ndala. "Jua la siku tatu linaimaliza kwenye jani. Ardhini ndipo inapodumu, kama wiki moja. Una Shahidi?"

"Ninaye."

"Mlaze."

Shahidi alikuwa na udhaifu mmoja, nao haukuwa siri, ulichapishwa kwenye kijitabu cha Muhuri ukurasa wa nne: bila maji, analala. Udongo ukikauka uzi unajikunja, kichwa kinakuwa cha kijivu, hakionji kitu. Wakati wa kiangazi aliruhusiwa kulala siku kumi na hakuna aliyeuliza, maana kila shamba lililala. Eliapenda akaufunga mdomo wa mfereji wake Jumatatu. Ijumaa akafunua chungu akakuta donge la kijivu, limesinyaa kama sikio la mzee. Akaligusa kwa kijiti. Halikujibu.

"Lala salama," akamwambia. Ndio mzaha wa mwisho alioufanya wiki ile bila kujilazimisha.

Siku ilijichagua yenyewe. Vuriga yote ni Wasabato. Jumamosi asubuhi hakuna jembe linalonyanyuliwa, hakuna mtu shambani, mbwa wenyewe wanapunguza kubweka. Eliapenda alimwambia Nakijwa kuwa tumbo linamsokota. Nakijwa akamtazama kwa muda, akafunga kilemba, akachukua watoto, akaenda kanisani.

Eliapenda alipiga dawa kuanzia wimbo wa kwanza hadi mahubiri. Sauti ya kwaya ilimfikia vipande vipande kutoka bonde la pili, na kila ilipopanda alijikuta anapampu kwa mapigo yake. Dawa haikuwa na harufu. Hilo lilimtisha kuliko kama ingenuka. Akamaliza bomba la kwanza, akalijaza, akamaliza la pili. Kisha, kwa sababu alikuwa mwanafunzi mzuri, akafanya kile alichofundishwa na Mama Naetwe tangu siku ya kwanza aliposhika bomba la mwarobaini: bomba lisilosuuzwa huua mche wa kesho. Akashuka nalo kwenye mfereji mkuu. Chini kulikuwa na kamkondo kadogo, ka kulowesha wayo tu. Akadhani ni mabaki. Akasuuza mara tatu, akamwaga, akaenda nyumbani kulala kitandani na kuumwa tumbo.

Hayakuwa mabaki.

Vuriga wana desturi kuhusu maji. Kwa kuwa Sabato hakuna mkono unaoruhusiwa kufanya kazi, Ijumaa kabla ya jua kuzama mlinzi wa ndiva, bwawa linalolisha mfereji, hulegeza kizibo kidogo na kukiacha. Maji yanatembea yenyewe siku nzima, taratibu, yanapita midomo ya mashamba yote iliyofungwa, yanakwenda mpaka shamba la mkiani, ambalo wiki nzima hunywa kilichobaki baada ya wenzake kumi na wawili kushiba. Huitwa maji ya Sabato, na ni ya yule wa mwisho. Eliapenda alilijua jina hilo tangu utotoni. Lakini maji yenyewe alikuwa akiyaona yanafunguliwa Ijumaa jioni, na Jumamosi jua likizama anakuta mfereji umekauka, akaamini kwamba yanaisha usiku. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi hata mara moja kuwa shambani Jumamosi saa nne asubuhi. Utakatifu wake ndio uliomponza.

Shamba la mkiani lilikuwa la Mama Naetwe. Na Shahidi wake, aliyeloweshwa maji ya kila Sabato, hakuwahi kulala.

*

Mkaguzi alifika Jumatano, na makoti yake mawili. Nyumba zote kumi na tatu za mfereji zikakusanyika kwenye ukingo wa ndiva. Chungu cha Mama Naetwe kilikuwa kimefukuliwa na kuwekwa juu ya jiwe ili kila mtu aone. Donge lilikuwa la bluu nzito hata ungedhani lingeandika.

"Sijapiga," Mama Naetwe alisema. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Shahidi anasema—"

"Nimemsikia. Na mimi nasema sijapiga. Tuko wawili, na mmoja wetu ni ukungu."

Mtu mmoja akacheka, akakatisha.

Bwana Mwinyikai akakunjua karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma polepole, kama daktari anayejua kuwa mgonjwa ataomba arudiwe.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza: mwenye shamba anakiri. Anasema ni sumu gani, kiasi gani, siku gani, na anakabidhi chupa. Shahidi naye amekwisha kutuambia hayo, yako kwangu yamefungwa. Tunalinganisha. Yakilingana, shamba lake linafungwa miaka mitatu, na wengine mnaendelea. Ya pili: mwenye shamba hakiri, au yanakataa kulingana. Basi Muhuri unahesabu kwamba sumu imekuja kwa maji. Na ikiwa imekuja kwa maji, mfereji wote ni mchafu. Mashamba kumi na matatu, miaka mitatu."

"Na akikiri mtu mwingine?" aliuliza Nakijwa. Eliapenda akamgeukia mkewe.

"Mtu mwingine akikiri, maana yake ni hiyo hiyo. Imekuja kwa maji. Kumi na matatu."

"Hata la Mama Naetwe?"

"Hata la kwake."

Kwa mbali, juu ya bonde, ndege ya mizigo isiyo na rubani ilikuwa inazunguka ikisubiri tenga za Alhamisi, imekuja mapema, haina haraka.

"Nawapa mpaka kesho saa sita," Mkaguzi akasema.

Mama Naetwe akanyanyua chungu chake mwenyewe, akakibeba kiunoni kama mtoto, akaanza kushuka. Alipokwisha kupotea kwenye migomba, watu wakaanza kuzungumza. Hakuna aliyesema kwamba bibi huyo amedanganya. Hakuna aliyesema kwamba hajadanganya. Walizungumza habari za watoto, nani yuko darasa la ngapi, nani ana mgonjwa. Mwishowe mlinzi wa ndiva, mzee Senkoro, akajikohoza.

"Aende mtu akamwombe. Akamwombe kwa heshima, akiri. Miaka mitatu tutamlisha, kila nyumba siku yake."

"Aende nani?"

"Wa kumfanya acheke. Mwanafunzi wake."

Wote wakamgeukia Eliapenda, na nyuso zao zilikuwa na huruma, kwa kuwa walidhani wanampa kazi ngumu.

*

Alirudi kwanza shambani, akijidanganya kwamba anaangalia mfereji. Nakijwa alikuwa tayari huko, amechutama kwenye tuta la tatu.

"Njoo uone," alisema.

Aligeuza jani. Mchoro mpya, mweupe, bado unyevu. Mwishoni mwa mchoro kiwavi wa kijani, mzima wa afya, anatafuna. Akageuza la pili. La tatu. Kimyakimya ilikuwa imewapa usingizi wa siku tatu, au labda hata huo haukuwa usingizi, yalikuwa mapumziko.

"Wanacheza," Nakijwa akasema.

Eliapenda akakaa chini, juu ya tuta, kitu ambacho hakuna mkulima wa Vuriga hufanya. Tenga tisa zilikuwa zimekuwa nne. Pengine tatu.

"Nakijwa," alisema, "Jumamosi ile—"

"Usiniambie."

"Unajua?"

"Mtu anayeumwa tumbo hanawi mikono mara tano kwa sabuni ya unga. Lakini kudhani si kujua. Kesho nikiulizwa, mimi sisemi uongo kwenye baraza. Na nisichoambiwa hakina kesi." Akaendelea kugeuza majani, moja baada ya jingine, ingawa hapakuwa tena na sababu. "Nenda kamwombe mama."

"Nimwombe akiri?"

"Ukisema wewe, anafungiwa. Ukinyamaza akakataa kukiri, anafungiwa. Akikiri, anafungiwa. Nimepiga hesabu hiyo tangu nilipomuuliza Mkaguzi, Eliapenda, na kila upande ninaoanzia yeye yuko mwisho wake. Tofauti ni kama tutafungiwa naye nyumba zote kumi na mbili, au yeye peke yake."

"Na jina lake?"

Nakijwa akageuza jani jingine. Mtoto mgongoni akapiga chafya, na wote wawili wakashtuka, wakamtazama, mpaka ilipokuwa wazi kwamba ni chafya tu.

*

Mama Naetwe alikuwa jikoni anapika makande. Chungu cha Shahidi kilikuwa sakafuni karibu na mafiga, na bluu yake iling'aa kidogo kwa mwanga wa moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekutuma."

"Walitafuta mwenye sura nzuri."

"Wakakosa." Akamsogezea kigoda. "Kaa. Bado hayajaiva."

Eliapenda alikuwa amepanga maneno njiani. Alikuwa na la kuchekesha la kuanzia, na la kulainisha, halafu lile lenyewe. Lakini alipoketi, lile la kwanza likamtoka mkononi kama sabuni. Akatazama moto.

"Mama, nyumba kumi na tatu."

"Najua idadi. Ya tatu kutoka juu nilimzalisha mama yao." Alikoroga. "Kuna mtu yeyote pale aliyesema kwamba nimepiga?"

"Hakuna."

"Na kuna aliyesema sijapiga?"

Eliapenda akasogeza kuni.

"Hakuna," alisema Eliapenda.

Mama Naetwe akatikisa kichwa taratibu, si kwa uchungu, zaidi kama mtu anayethibitisha bei aliyoambiwa na jirani. "Miaka hamsini sijawahi kuingiza kitu katika ardhi ile ambacho nisingeweza kukila mwenyewe. Mume wangu alikufa kwa dawa za pamba, huko tambarare, akikohoa kitu cha rangi hii hii." Akagusa chungu kwa mguu. "Ndiyo sababu nikapanda mlimani. Sasa nizikwe na jina la mpiga sumu. Miaka mitatu, Eliapenda, mimi sitaimaliza. Shamba langu wakilifungua tena watalifungulia nyasi."

"Tutakulisha. Kila nyumba siku yake. Mimi nitachukua siku mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Mimi... nakula kwako tangu zamani."

Akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye makande. Akaongeza chumvi, akaonja, akafunika. Nje kuku wakagombana, wakaacha.

"Haya," alisema. "Nitakiri."

Nafuu ikamshukia Eliapenda. Akaona aibu kwa jinsi ilivyokuwa tamu.

"Ila unisaidie," Mama Naetwe akaendelea. "Yule wa makoti anataka maneno yalingane. Nikikosea, mfereji wote unakwenda, nitakuwa nimejivua nguo bure. Na mimi dawa sizijui. Nilipiga nini?"

"Sijui, mama. Ila..." Alijikuna shingo. "Watu wanasema siku hizi huko Same kuna moja inaitwa Kimyakimya. Pengine ndiyo hiyo. Wengi wanatumia hiyo."

"Kimyakimya." Alilirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Jina zuri. Nilipiga lini?"

"Uligundua Shahidi wako amegeuka Jumamosi jioni. Basi itakuwa Jumamosi yenyewe."

"Nikiwa kanisani?"

"Kabla. Sema kabla ya kanisa."

"Saa ngapi?"

"Hawataki saa."

"Wakitaka?"

"Saa nne," alisema Eliapenda. "Hapana. Saa moja. Saa nne ulikuwa kanisani, sema saa moja."

"Saa moja." Alinyoosha kidole kimoja, akakiongezea kingine, kama anayehesabu kazi za siku. "Kiasi gani?"

"Labda vifuniko vitatu. Kwa bomba moja. Mabomba mawili." Akaona macho ya Mama Naetwe. "Shamba kama lako, nimekadiria. Lakini kwako ilifika kidogo, kwa hiyo useme kidogo. Sema ulisuuzia bomba. Sema ulichanganyia kwenye ndoo, ukasuuzia bomba kwenye mfereji wako. Mara tatu. Hivyo italingana."

Aliyasema kwa haraka, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kuhisi kwamba anamsaidia, kwamba kazi inakwenda, kwamba watoto ishirini na saba wa mfereji ule wanashuka mmoja mmoja kutoka mgongoni mwake. Mama Naetwe aliyafuata kwa midomo bila sauti. Kimyakimya. Jumamosi. Vitatu, mawili. Nikasuuza mara tatu. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Nyimbo zote za kanisa aliziimba bila kitabu.

"Na chupa," alisema, akiinama kuchochea moto. "Alisema lazima nikabidhi chupa. Mtu kama mimi chupa angeitupa wapi?"

"Chooni," alisema Eliapenda.

Mama Naetwe alikuwa bado anasogeza kijiti cha kuni kilichobaki, mara mkono wake ukasimama. Kisha akamalizia kukisukuma chini ya sufuria, akajinyoosha polepole, akapangusa viganja kwenye gauni la kanisani ambalo alikuwa hajalivua tangu asubuhi. Hakuwa amekasirika. Eliapenda angetoa chochote kama angekasirika.

"Choo changu," aliuliza Mama Naetwe, "au chako?"

Makande yalianza kuchemka na mfuniko ukawa unagonga ukingo wa sufuria. Eliapenda Mrutu, mtu aliyejibu kila kitu, akanyoosha mkono kuufunua mfuniko.

"Sema, mwanangu," alisema. "Nikariri vizuri. Kesho nisije nikawakosea watu."